Munganga wa Meno Anajibu: Jino Lililokwama na Kifuko Chake

Barua tatu zilizonifikia kutoka Bukavu zinazungumzia jambo moja, nalo ni uvimbe wa taya unaofungamana na jino lililoshindwa kuota. Nimezifupisha na kuondoa majina ya watu na ya vituo vya matibabu, kisha nimezijibu kwa kadiri ya uzito wa kila swali.

SWALI: Jambo, Dokta. Mwanangu wa kiume ana miaka 17. Tangu mwaka jana shavu lake la kulia, chini karibu na sikio, limekuwa likijaa polepole, wala halimuumi. Kituo cha afya kilimpa vidonge vya kuua vijidudu mara tatu bila mabadiliko yoyote. Shangazi yake akampeleka kwa munganga wa miti, ambaye alichanja ufizi kwa wembe, yakatoka maji ya manjano, uvimbe ukanywea kwa majuma mawili kisha ukarudi. Mwishowe tulipiga radio, yaani picha ya eksirei, na daktari wa meno akatuonyesha gego la mwisho limelala ubavu ndani ya mfupa, limezungukwa na weusi kama shimo. Anasema ni kisti, kwamba kijana lazima apasuliwe, na kwamba kitakachotolewa kipelekwe maabara, kwa gharama nyingine. Je, ni kansa? Kwa nini tusing'oe jino tu? Na kama kitu kimekwisha kutolewa, maabara ya nini tena? (Mama wa Kadutu)

JIBU: Mama mpendwa, nianze na lile linalokunyima usingizi. Kwa jinsi ulivyoeleza, yaani uvimbe uliokua kwa mwaka mzima bila maumivu, katika umri wa mwanao, huku gego la mwisho la taya la chini likiwa ndani yake, kansa ndiyo dhana iliyo mbali zaidi. Dhana iliyo karibu ni kisti ya dentijera, yaani kifuko cha maji kinachozunguka taji la jino lisiloota, jina linalotokana na Kilatini likiwa na maana ya kitu kilichobeba jino. Miongoni mwa visti vinavyotokana na meno, hii ni ya pili kwa wingi, baada ya ile inayoota kwenye ncha ya mzizi wa jino lililooza. Huonekana zaidi kati ya miaka 10 na 30, na mahali inapopendelea ni gego la mwisho la chini, kisha chonge la taya la juu.

Ili uelewe kwa nini vidonge havikufaa, tazama jinsi jino linavyozaliwa. Kila jino hutengenezwa ndani ya utando mwembamba unaolifunika, kama punje za mahindi zilivyo ndani ya maganda, na linapopanda kuelekea mdomoni utando huo hupasuka na kuungana na ufizi. Lakini jino likikosa nafasi, au likilala na kugonga jino lililo mbele yake, utando hubaki mzima, na wakati mwingine maji huanza kujikusanya kati yake na taji la jino. Maji hayo huvuta maji mengine, kifuko hutanuka, na mfupa unaokizunguka huyeyuka kidogokidogo ukikipisha. Katika picha ya radio, weusi mwembamba unaozunguka taji la jino ambalo halijaota ni jambo la kawaida ikiwa upana wake hauzidi milimita 3. Ukipita 4 tunaanza kuuliza maswali. Kwa kuwa utando umeshikilia shingo ya jino, pale enameli, gamba gumu la taji, inapokutana na mzizi, taji huonekana ndani ya kifuko na mizizi nje yake, kama mtu aliyetumbukiza kichwa ndani ya mfuko.

Hapo hakuna vijidudu vya kuuawa, ndiyo maana vidonge vimepita bure. Wembe nao ulitoa maji tu. Sisi watu wa Bukavu tunamwita munganga daktari wa hospitali na mtaalamu wa miti vilevile, na ukarimu huo wa lugha hutufanya tudhani kwamba wote wawili wanaona kitu kilekile. Aliyechanja ufizi hakuwa na njia ya kujua kwamba chini ya kidole chake kulikuwa na utando ambao ungeendelea kutoa maji siku ileile jeraha linapofunga. Mbaya zaidi, mlango aliouacha wazi huingiza vijidudu vya mdomoni, na kifuko kilichokuwa kimya hugeuka kuwa jipu. Mwanao amebahatika kuepuka hilo.

Daktari anapomchunguza mgonjwa wa namna hii hubonyeza mfupa kwa kidole gumba. Ukiwa umebaki mwembamba sana, huingia ndani kidogo na kutoa mlio hafifu kama ganda la yai linalopata ufa. Akivuta maji kwa sindano na kuinua bomba kuelekea mwanga wa dirisha, mara nyingi huona maji ya rangi ya majani makavu yenye chembe zinazometameta, nazo ni fuwele za kolesteroli. Kuvuta huko si mapambo, kwa kuwa sindano ikijaa damu nyekundu mahali pa maji, daktari mwenye akili huweka kisu chini na kuagiza uchunguzi mwingine kwanza.

Kuhusu kung'oa jino peke yake, ni sawa na kuteka maji na kuiacha chemchemi. Kinachotengeneza maji ni utando, kwa hiyo utando wote lazima ubanduliwe kutoka kwenye mfupa, pamoja na jino ambalo katika umri wake na kwa jinsi lilivyolala halina matumaini ya kuota. Muulize daktari wako waziwazi kuhusu mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini na kuupa mdomo wa chini na kidevu hisia zake, kwa sababu kifuko kikubwa husukuma mshipa huo, na baada ya upasuaji mdomo wa chini unaweza kufa ganzi kwa majuma au miezi, na mara chache ganzi hubaki. Mwulize pia mfupa uliosalia una unene gani. Taya lililoliwa hadi ukingoni linaweza kuvunjika kwa kutafuna tu, hivyo kijana atakula uji, bugali laini na sombe iliyopondwa vizuri kwa majuma kadhaa, na mpira wa miguu usubiri hadi daktari atakapomruhusu. Shimo lenyewe hujazwa na mfupa mpya bila kuwekewa chochote, ila kazi hiyo huchukua miezi mingi, mara nyingi zaidi ya mwaka kama shimo lilikuwa kubwa.

Sasa maabara, ambayo ndiyo sababu hasa ya kulijibu swali lako kwa urefu huu. Nimesema dhana iliyo karibu, sikusema hakika, na daktari wako naye hawezi kusema hakika kwa radio peke yake, hata kama ana miaka mingi kazini. Weusi wenye mpaka safi unaozunguka gego lililokwama kwa kijana wa miaka 17 unaweza kuwa vitu vitatu vinavyofanana kwa picha na kutofautiana kabisa kwa tabia. Wa kwanza ni kifuko nilichoeleza, ambacho kikitolewa chote ni nadra kurudi. Wa pili ni kisti ya keratini, iliyojaa kitu cheupe kizito kama jibini la Masisi lililosagwa. Hii hutambaa ndani ya mfupa kwa urefu, kutoka nyuma kwenda mbele, bila kuvimbisha shavu sana, na ina sifa mbaya ya kurudi, kwa kuwa utando wake ni mwembamba, huchanika unapobanduliwa, na huacha vijifuko vidogo kandokando. Wa tatu ni ameloblastoma yenye chumba kimoja. Huo si uvimbe wa kusambaa mwilini kama kansa, isipokuwa kwa nadra sana, lakini hula taya bila kuchoka, na ukiwa umepenya ukutani mwa kifuko hadi mfupani huenda mgonjwa akahitaji kukatwa sehemu ya taya. Umri unaoupendelea ni ule wa mwanao, na mahali unapopendelea ni palepale.

Kinachotenganisha hivyo vitatu ni darubini. Kwa hiyo Mama, kitu kilichokwisha kutolewa ndicho pekee kinachoweza kutuambia kama kazi imekwisha au ndiyo kwanza inaanza. Ningelazimika kutafuta mahali pa kupunguza gharama, nisingepunguza hapo. Na ikiwa familia ndiyo itakayobeba chupa, kama inavyotokea mara nyingi kwetu, hakikisheni kwamba ndani yake mna formalini ya asilimia 10, dawa ya maji ya kuhifadhia kipande, nyingi kuliko kipande chenyewe mara kumi hivi, na kwamba kifuko chote kimo, si kipande cha pembeni tu. Msikiweke katika maji, wala kasiksi, ile pombe ya ndizi, wala msikifunge ndani ya glavu. Niliwahi kuletewa kipande kilichosafiri siku nne ndani ya karatasi. Kilikuwa kimekauka kama sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, walioanikwa juani, na hakuna darubini inayosoma kitu cha namna hiyo.

SWALI: Dokta, binti yangu ana miaka 10. Jino lake moja la utoto, upande wa kushoto chini, halijang'oka ilhali la kulia lilikwisha kung'oka, na ufizi wa hapo umevimba. Radio imeonyesha kifuko, na jino la ukubwani limesukumwa chini kabisa karibu na ukingo wa taya. Daktari anataka kung'oa jino la utoto, kufungua dirisha tu na kuacha kifuko na jino vyote ndani. Jirani yangu, ambaye ni muuguzi, anasema huo ni uvivu na kwamba kifuko lazima kitolewe chote. Nani anasema kweli? (Baba wa Bagira)

JIBU: Baba, jirani yako amesema kanuni, na daktari wako ametaja pale kanuni inapolegezwa kwa makusudi. Njia hiyo ya dirisha ina umri mrefu. Ilielezwa na daktari mpasuaji wa Ujerumani, Carl Partsch, mwaka 1892, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Daktari hukata sehemu ya ukuta wa kifuko, hushona kingo za utando na ufizi, kisha huingiza utepe wa shashi au kijibomba ili tundu lisijifunge. Maji hayawezi tena kujikusanya, shinikizo huisha, na mfupa huanza kujijenga kutoka nje kuja ndani huku ukikipunguza kifuko.

Faida yake kwa mtoto ni kwamba jino lililozamishwa halina kosa lolote. Mzizi wake bado unakua, na jino ambalo mzizi wake haujakamilika bado lina nguvu ya kupanda. Likiondolewa uzito uliolikandamiza, na jino la utoto lililoziba njia likiwa limekwisha kung'olewa, mara nyingi lenyewe hugeuka na kupanda katika muda wa miezi kadhaa. Kulitoa pamoja na kifuko kungemwachia binti pengo la maisha, na kuchimba karibu na ukingo wa taya la mtoto kungehatarisha mshipa wa fahamu na mfupa wenyewe.

Gharama yake ni uvumilivu, na hapa ndipo wazazi wengi hushindwa. Tundu lazima lioshwe kwa maji ya chumvi kila baada ya kula, kwa sindano isiyo na ncha, kwa miezi. Utepe lazima ubadilishwe na daktari. Nafasi ya jino inaweza kuhitaji kifaa cha kuishikilia ili meno jirani yasiinamie pengoni. Anayejua kwamba hataweza kurudi kliniki, kwa sababu ya safari au fedha, aseme mapema, kwani dirisha lililoachwa likajifunga ni hasara tupu. Na usisahau kumwuliza daktari kama ule ukuta uliokatwa utapelekwa kwenye darubini. Jibu linapaswa kuwa ndiyo, kwa sababu zilezile nilizompa mama wa Kadutu, tena kwa nguvu zaidi, maana hapa sehemu kubwa ya utando inabaki ndani.

Jambo moja tu lingenifanya nikwambie uache haya yote na ukimbie. Katika ukanda wetu wa Afrika watoto hupata kansa ya taya ambayo Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliieleza mwaka 1958. Hiyo haisubiri mwaka. Uvimbe huonekana kuongezeka juma kwa juma, hata siku kwa siku, meno kadhaa hulegea kwa pamoja, na mara nyingine jicho husukumwa nje au tumbo hujaa. Inatibiwa kwa dawa za mishipani, na inaitikia vizuri ikiwahiwa. Uvimbe wa binti yako, kwa maelezo na picha uliyoisimulia, haufanani nao.

SWALI: Mimi ni muuguzi hapa Ibanda. Mgonjwa wangu, mama wa miaka 28, alitolewa chonge la juu lililokwama pamoja na kifuko chake. Karatasi ya maabara imeandikwa kisti ya Gorlin. Mtu mmoja mwenye elimu amemwambia kwamba Gorlin ni ugonjwa wa ukoo unaoleta kansa za ngozi, na kwamba watoto wake wanne wapimwe wote. Mama hali wala halali. Nimwambie nini?

JIBU: Mwambie kwamba huyo mwenye elimu amechanganya kurasa mbili za kitabu kimoja. Robert Gorlin, mtaalamu wa Marekani, aliweka jina lake kwenye mambo mawili yaliyo tofauti. Mwaka 1960, pamoja na mwenzake Robert Goltz, alieleza hali ya kurithi ambayo mtu huwa na visti vya keratini vingi katika mataya, kansa za ngozi, vishimo vidogo viganjani na kasoro za mbavu, na kila mtoto wa mtu huyo ana nusu ya uwezekano wa kuirithi. Mwaka 1962 yeye na wenzake walieleza kitu kingine kabisa, kisti yenye chembe za chokaa, ambayo haina uhusiano wowote na ukoo. Hiyo ya pili ndiyo inayoitwa kisti ya Gorlin.

Ni nadra, daktari wa meno anaweza kustaafu bila kuiona. Hukaa sehemu ya mbele ya mataya, na katika sehemu ya wagonjwa, si wote, huwa imeshikamana na jino ambalo halijaota, hasa chonge. Chini ya darubini hutambulika kwa seli ambazo kiini chake kimepotea na kuacha umbo tupu, ndiyo maana wenye fani huziita seli za mizimu, jina ambalo nakusihi usilitaje mbele ya mgonjwa mwenye hofu. Seli hizo hugeuka chokaa, na pengine katika radio ya kwanza palikuwa na vidoa vyeupe ndani ya weusi. Vidoa hivyo huweza pia kutokana na uvimbe mwingine wa nadra, unaowapata zaidi wasichana na kulifunika chonge la juu lote hadi mzizini, nao ukitolewa huwa umekwisha.

Usishangae ukikuta karatasi ya zamani imeiita kisti hii uvimbe na mpya imeiita kisti. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye kundi la uvimbe mwaka 2005, likairudisha kwenye kundi la visti mwaka 2017, na kisti ya keratini ilisafirishwa kwenda na kurudi vivyo hivyo. Ugonjwa haukubadilika, waliobadilika ni waandishi.

Kabla ya kumtuliza kabisa, fanya mambo matatu ambayo hayana gharama. Soma karatasi yote, si mstari wa mwisho tu, uone kama inataja keratini mahali pa chokaa. Mwoshe viganja, uvitazame kwenye mwanga wa mchana, maana vishimo vile ni vidogo kama ncha ya kalamu. Kisha muulize kama amewahi kutolewa kisti nyingine, yeye au ndugu zake. Nakuomba usiharakishe hatua hiyo ya mwisho, kwa sababu kwa watu wenye ngozi nyeusi kama sisi zile kansa za ngozi hutokea kwa uchache, na visti vya taya huweza kuwa ndiyo dalili ya kwanza ya hali ile ya kurithi. Ikiwa yote matatu ni safi, mama huyo anahitaji radio moja baada ya miezi 6 na nyingine baada ya mwaka, na watoto wake hawahitaji kupimwa chochote.